Injini Imezimika au Imekufa? Maneno ya Kuchunguzia Hitilafu ya Lori la Dizeli

Vitabu vya maelekezo ya mitambo vina msomaji wa namna yake. Msomaji huyo hasomi akiwa ameketi; aghalabu husoma akiwa amesimama kando ya mtambo uliomshinda, spana mkononi, na kila neno alipatalo hulitenda papo hapo. Mfasiri wa hadithi akipotoka katika neno moja, sentensi itachechemea na msomaji ataendelea na safari yake. Mfasiri wa kitabu cha injini akipotoka katika neno moja, huenda fundi akavunja kilichokuwa kizima.

Kwa sababu hiyo tumeona vyema katika makala haya kulitazama kwa urefu jambo moja tu: lori la zamani la dizeli linapozimika ghafla njiani, fundi huchunguzaje sababu yake, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kuuchukua uchunguzi huo kutoka kinywani mwa dereva hadi kwenye meza ya ofisa usafirishaji na kwenye ubao wa mwalimu wa ufundi. Tunaposema lori la zamani tunakusudia magari ya aina ya Bedford, Leyland, Fiat au Scania yaliyoundwa kabla ya kompyuta kukabidhiwa kazi ya kupima mafuta yanayoingia katika injini. Katika magari ya siku hizi fundi huunganisha chombo maalumu, nacho humpa namba ya hitilafu. Katika lori la zamani hakuna namba. Kuna macho, masikio, pua na mikono, na kuna maneno ya dereva aliyekuwapo mambo yalipotokea. Maneno hayo ndiyo ushahidi wa kwanza, na pengine hapana mwingine.

Tuchukue mfano. Lori lenye shehena ya tani 7 linapanda mlima wa Kitonga, katika barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya. Katikati ya mlima injini inanyamaza. Utingo anaruka chini na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Dereva anajaribu kuwasha mara tatu, nne, asifanikiwe. Kesho yake daftari la safari linafika ofisini likiwa na maneno mawili: "Injini imekufa." Ofisa aliyepokea daftari hilo si fundi, wala hatumtazamii awe fundi. Analichukua neno kama lilivyoandikwa. Kilichokufa hakifufuki, hivyo gari linaingizwa katika orodha ya magari yanayongoja kushushwa injini, au baada ya miezi kadhaa katika orodha ya magari ya kupigwa mnada. Nalo huenda lilizimika kwa sababu ya waya uliochomoka, au kitambaa kilichosahauliwa ndani ya tangi. Tofauti ya bei baina ya waya na injini nzima haihitaji tarakimu.

Neno "kufa" katika usemi wa gereji lina kazi nyingi mno. Betri hufa, klachi hufa, beringi hufa, hata bolti iliyolika meno husemwa kuwa imekufa. Maana yake ya ndani ni kwamba kitu hicho hakitengenezeki tena, kibadilishwe. Basi dereva anayeandika kwamba injini imekufa ametoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Neno "kuzima" nalo lina utata wa aina nyingine: mtu huzima injini, na injini yenyewe husemwa imezima. Walimu wa sarufi hulikemea tumizi hili la pili. Sisi hatuoni kwamba ni dhambi katika mazungumzo, maana taa nayo huzima na redio huzima, na hakuna anayepotea. Ila katika taarifa ya ufundi tofauti ya mtendaji ni kubwa, na lugha yetu imekwisha tupa viambishi vya kuibainisha: injini "imezimwa" ikiwa kuna aliyeizima; injini "imezimika" ikiwa imenyamaza yenyewe. "Kuzimika" hakudai kujua sababu, na hiyo ndiyo faida yake. Hueleza kilichotokea, kisha huacha mlango wazi kwa uchunguzi.

Lakini "imezimika" peke yake haitoshi. Fundi mzoefu atauliza mara moja: ilizimikaje? Hapa dereva ana habari ambazo hakuna chombo kitakachozitoa baadaye, kwa kuwa ni yeye aliyezisikia. Injini inaweza kuzimika mara moja, pasipo dalili, kana kwamba mtu amegeuza ufunguo. Inaweza kuzimika kwa kukohoa: inapoteza nguvu, inarudi kidogo, inapoteza tena, ndipo inanyamaza. Inaweza kuzimika kwa kishindo cha chuma. Na inaweza kuzimika kwa kuelemewa, mwendo ukipungua kana kwamba breki imekamata, huku mshale wa joto ukiwa umepanda. Kila moja ya namna hizi humwelekeza fundi mahali pake. Ya kwanza humpeleka kwenye kifaa cha kuzimia au kwenye kinachoizungusha pampu. Ya pili kwenye njia ya dizeli. Ya tatu kwenye pistoni, valvu na shafti. Ya nne kwenye maji na oili. Hatusemi kwamba kanuni hii haina mwanya. Hata hivyo, kama daftari za safari zingekuwa na nafasi ya mstari mmoja kwa ajili ya neno "ilizimikaje", kazi nyingi ya kubahatisha ingepungua.

Ili mfasiri azitumie istilahi hizi kwa uhakika yampasa aelewe, japo kwa ufupi, injini hii inavyoishi. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alipata hataza ya wazo lake mwaka 1893, na injini yake ya kufaa ikafanya kazi mjini Augsburg mwaka 1897. Malori hayakufaidi sana mpaka ilipopatikana pampu ndogo ya kupimia na kusukuma mafuta kwa nguvu, ile ambayo kampuni ya Robert Bosch ilianza kuiunda kwa wingi mwaka 1927. Wazo lenyewe ni hili. Pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda hadi ibaki kama sehemu moja katika 16 au zaidi ya nafasi iliyokuwa nayo. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya digrii 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, na ukungu huo huwaka wenyewe kwa kukutana na joto. Mwalimu anayetaka kulionyesha jambo hili darasani hahitaji injini. Bomba la baiskeli linatosha: azibe tundu kwa kidole, asukume mara kadhaa, kisha awape wanafunzi waguse chini ya bomba.

Yafuatayo ni matokeo ya wazo hilo. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama injini ya petroli. Kwa hiyo dereva anayesema kwamba "gari halina moto" anasema jambo lenye maana mbili. Katika gereji zetu "moto" ni umeme wa betri. Fundi hugusisha waya na kusema "hapa moto upo". Katika injini ya petroli, moto ni pia cheche. Kwa mfasiri wa kitabu cha dizeli tungeshauri "umeme" kwa umeme, na "moto" kwa kinachounguza, hasa kwa kuwa vitabu hivyo hivyo huwa na sura ya kuzuia moto garini. Injini ya dizeli ikishawaka yaweza kwenda bila betri kabisa, isipokuwa kama ina kile kifaa cha umeme kinachofungua njia ya mafuta, nacho ni solenoidi ya kuzimia. Solenoidi ya aina iliyoenea hushikilia njia wazi maadamu ina umeme. Waya wake ukichomoka kwa mtikisiko wa barabara mbovu, njia hujifunga na injini huzimika mara moja, safi, bila kukohoa. Fundi hugeuza ufunguo bila kuwasha, akisikiliza mlio mdogo wa "tak" kwenye pampu. Mlio usiposikika, hufuata waya. Katika malori mengine hakuna solenoidi, bali kuna kebo ambayo dereva huivuta kuzimia injini. Kebo hiyo ikikwama ikiwa imevutwa, hata fundi mzuri anaweza kupoteza nusu siku.

Tunafika sasa penye neno linalotutia wasiwasi kuliko yote, nalo ni "mafuta". Katika Kiswahili kila kitu chenye utelezi na kinachowaka ni mafuta: ya taa, ya nazi, ya kujipaka, ya gari. Jambo hilo halina ubaya sokoni. Lakini lori lina mafuta yanayoungua ndani ya silinda, na lina mafuta yanayolainisha chuma kisisagane, na mawili haya hayapaswi kukutana. Tazama agizo kama hili, ambalo limo katika tafsiri zaidi ya moja tulizopata kuzisoma: "Kabla ya kuwasha, hakikisha mafuta yapo." Dereva atatazama geji ya tangi, aone tangi limejaa, awashe. Mwandishi wa asili alikusudia atazame kijiti cha kupimia kilicho ubavuni mwa injini. Injini iliyokauka ikizungushwa kwa dakika chache, beringi hulika na shafti hushika. Gereji zililitatua tatizo hili zamani bila kutungoja: kinachoungua huitwa dizeli au mafuta, kinacholainisha huitwa oili, na kizito cha kupaka huitwa grisi. Wapo wanaoliona neno "oili" kuwa la kigeni mno na wangependa "mafuta ya kulainishia". Sisi tunashauri oili ibaki oili. Neno "vilainishi" lina mahali pake katika nyaraka za biashara, linapotaja oili na grisi kwa pamoja, lakini dereva haangalii kilainishi asubuhi, anaangalia oili. Nalo "mafuta" pekee, bila sifa, lisitumike kabisa katika agizo lolote linalomtaka mtu atende.

Umuhimu wa tofauti hii huonekana mwanzoni mwa uchunguzi. Baada ya injini kuzimika ghafla, kishawishi cha kwanza cha dereva ni kuendelea kupiga stata. Fundi mwangalifu humzuia. Kwanza huchomoa kijiti na kuitazama oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamechanganyika nayo, pengine kwa gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka. Ikiwa imezidi kipimo, nyepesi, na inanuka dizeli, basi dizeli inavujia chini, mara nyingine kupitia kiwambo kilichochanika cha pampu ndogo. Ikiwa haipo, jibu limekaribia. Kisha hutazama maji katika rejeta, akingoja kwanza ipoe. Baada ya hapo, kabla ya stata, huizungusha injini kwa mkono, akitumia spana kubwa kwenye bolti ya puli iliyo mbele ya shafti kuu, huku gia ikiwa huru. Ikizunguka, ingawa kwa uzito wa mgandamizo, chuma kimesalimika kwa kadiri fulani. Isipozunguka, stata haitasaidia, na huenda ikaharibu. Maji yakiwa yamejaa juu ya pistoni hayabaniki kama hewa. Nguvu ya stata itakwenda kuipinda konrodi. Katika hali hiyo hufunguliwa nozeli zote ili maji yapate pa kutokea. Tumeona vitabu ambamo hatua hii ya kuzungusha kwa mkono imefasiriwa "washa injini taratibu". Hapo mfasiri amemwagiza fundi afanye hasa lile alilokatazwa.

Injini isiyozunguka, mafundi huisema "imejamu" au "imeshika". Maneno haya mawili hutumiwa kama pacha, nasi tungependa yagawane kazi. "Kushika" kuwe kwa chuma kilichong'ang'ania chuma kwa joto au kwa kukosa oili. "Kukwama" kuwe kwa kizuizi chochote kinachoweza kuondolewa, kama maji, au valvu iliyoanguka, au hata stata iliyobana katika meno ya gurudumu la injini. Wanaopenda "kujamu" wana haki yao, ila neno hilo halimwambii ofisa kama gharama ni ya siku moja au ya miezi mitatu.

Ikiwa injini inazunguka na solenoidi imefunguka, fundi hupiga stata kwa sekunde chache na kumwomba utingo atazame bomba la moshi. Hili ni jaribio lisilo na gharama na linalosema mengi. Pasipotoka moshi wowote, dizeli haifiki katika silinda. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika lakini haiungui, basi tatizo ni joto au mgandamizo au wakati wa kunyunyiza. Katika mfano wetu wa Kitonga tuseme hakuna moshi. Sasa uchunguzi unaingia katika njia ya dizeli, na hapa Kiswahili cha gereji kina utajiri ambao kamusi hazijaumaliza.

Njia yenyewe huanzia katika tangi, hupita kwenye pampu ndogo inayovuta dizeli, huingia katika kichujio, huenda kwenye pampu kubwa, na kutoka humo kwa mirija ya chuma kigumu hadi kwenye nozeli. Pampu hizi mbili huchanganywa sana katika tafsiri. Gereji huzitofautisha kwa ukubwa tu, "pampu ndogo" na "pampu kubwa", jambo linaloeleweka mbele ya injini ambayo wote wanaiona, si katika barua ya kuagiza vipuri. Tunapendekeza "pampu ya kulishia" kwa ile ndogo, kwani kazi yake ni kuilisha kubwa, na "pampu ya nozeli" kwa ile kubwa. Karani atakayeandika "pampu ya dizeli" bila kueleza zaidi asishangae akiletewa isiyotakiwa, maana zote mbili ni za dizeli.

Kabla ya kukigusa kichujio, fundi hufungua mfuniko wa tangi na kusikiliza. Mfuniko una tundu dogo la kuingizia hewa, ili dizeli inapopungua nafasi yake ishikwe. Tundu likizibwa na vumbi la barabarani, utupu hujengeka ndani ya tangi mpaka pampu ya kulishia ishindwe kuvuta. Mfuniko ukifunguliwa na kusikika mfyonzo wa hewa, na lori likawaka baada ya hapo, uchunguzi umekwisha. Kichujio kilichoziba nacho hujidhihirisha kwanza mlimani, kwa sababu hapo ndipo injini inapodai dizeli nyingi zaidi. Katika tambarare lori lilikuwa likienda vizuri, na dereva ataapa kwamba halikuwa na tatizo. Anasema kweli.

Kisha kuna upepo. Dereva husema "gari limechukua upepo", na fundi hujibu "tutoe upepo". Wasomi kadhaa hulisahihisha neno hili kwa haraka: upepo ni hewa inayokwenda, na kilichomo ndani ya mrija ni hewa tu. Kwa kanuni ya fizikia hoja yao ni sahihi. Lakini hebu tutazame linalotokea. Injini ya dizeli huishi kwa hewa. Bila hewa katika silinda haiwezi kuwaka. Injini hiyo hiyo huzimika hewa inapoingia katika mrija wa dizeli, kwa kuwa hewa hubanika: pampu inasukuma, povu linajikunja na kukunjuka, na nozeli haifunguki. Fundi aliyeita hewa ya silinda "hewa" na hewa ya mrijani "upepo" ametenga kitu kinachohitajika na kitu kinachodhuru, hali kitabu kinavichanganya. Kwa hiyo tungemshauri mfasiri aandike "kutoa upepo" kwa kazi hii, na mwalimu wa fizikia aendelee na "hewa" darasani kwake. Hatuoni sababu ya wawili hawa kugombana.

Kazi yenyewe huelezwa hivi. Legeza skrubu iliyo juu ya kichujio. Pampu kwa mkono kwenye kitufe au kijiko cha pampu ya kulishia. Kwanza litatoka povu, kisha dizeli yenye mapovu machache, kisha dizeli safi. Kaza skrubu wakati dizeli ingali ikitoka. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za mirija kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itokee, kaza moja moja. Upepo ukirudi baada ya muda, kuna mahali unapoingilia, nako ni kati ya tangi na pampu ya kulishia, katika sehemu inayovutwa. Mrija unaovuta ukipasuka hauonyeshi tone la dizeli wakati injini ikienda. Huingiza hewa kimya kimya. Mfasiri aliyeandika "kagua uvujaji" kwa sehemu hii amempa fundi kazi ya kutafuta unyevu usiokuwapo. Heri aandike "kagua mahali panapoingiza hewa".

Katika hatua ya nozeli lazima tuseme neno kuhusu nguvu iliyomo. Fizikia ya shule ina "kanieneo" kwa nguvu inayogawanywa kwa eneo, na "mgandamizo" kwa kitendo cha kubana. Gereji zina "presha" kwa la kwanza na "kompresheni" kwa la pili. Maneno haya manne yanaweza kukaa pamoja bila shida, mradi mgandamizo usitumiwe mahali pa kanieneo. Nozeli ya lori la zamani hufunguka kwa kanieneo la kilo 150 hadi 250 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la lori hujazwa kilo 7 au karibu na hapo. Ukungu unaotoka katika nozeli kwa nguvu hiyo hupenya ngozi ya mkono kama sindano, na dizeli iliyoingia mwilini kwa njia hiyo ni jambo la kukimbiza mtu hospitali hata kama tundu ni dogo na haliumi. Tahadhari hii katika vitabu vya asili huandikwa kwa herufi nzito. Katika tafsiri tuliwahi kukuta "usishike nozeli", ambayo kwa fundi ni kichekesho, kwani atabadilishaje asichokishika? Ilipasa iandikwe: "Usiweke mkono wala uso mbele ya nozeli inaponyunyiza."

Ikiwa dizeli inafika kwenye pampu ya nozeli lakini haitoki, fundi hutazama kama pampu inazungushwa. Kuna pampu zinazoshikwa na kiungo kinachoonekana kwa macho. Kiungo kikikatika, injini yote inazunguka na pampu imesimama. Kama inazunguka na haitoi, pampu huvuliwa na kupelekwa kupimwa. Kazi hiyo si ya kando ya barabara. Vijipistoni vilivyo ndani yake vimechongwa kwa usahihi wa nafasi ya elfu 2 au 3 za milimita, hata maji kidogo katika dizeli hutosha kuvitia kutu. Taarifa ya gereji iseme "pampu ya nozeli haitoi dizeli", isiseme "pampu imekufa". Anayepima ndiye atakayeamua.

Kuhusu hitilafu za chuma, yaani konrodi iliyokatika, valvu iliyoangukia pistoni, gia za kuendeshea shafti ya valvu zilizovunjika, hatuna mengi ya kusema, kwa sababu dalili zake hazimpi mtu shaka na maneno yake yameenea. Limebaki neno moja, "kunoki". Limetoka gereji, na kamusi ingependa "kugonga". Tulilifikiria sana. Injini ya dizeli hugonga kwa asili yake, hasa asubuhi ikiwa baridi. Nozeli mbovu nayo huifanya igonge. Katika hali hiyo fundi hulegeza nati za mirija ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inaenda polepole, naye hukaa mbali na dizeli inayoruka. Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, kosa liko hapo, na pengine ni nozeli tu. Lakini fundi anaposema "imenoki" hazungumzii mlio. Anasema beringi za konrodi zimelika, na injini lazima ishushwe. Tukiyaweka maneno yote mawili chini ya "kugonga" tutakuwa tumelirudisha lori la Kitonga kwenye orodha ya mnada. Basi katika orodha ya istilahi tunapendekeza "kugonga" kwa sauti na "kunoki" kwa hali ya beringi, na katika daftari la safari dereva aandike la kwanza tu, kwa kuwa la pili halijulikani mpaka sampu ifunguliwe.